Mchezaji Aliyejiita Jirani

Leo ofisini nimewasha kompyuta ya zamani, ikatoa harufu ya vumbi linaloungua, nami nikajikuta sebuleni kwetu Gisenyi, nikiwa mtoto wa miaka kama tisa.

Kaka yangu alikuwa ameweka programu ya kucheza na watu wengine kupitia mtandao. Tulijenga nyumba za matofali ya rangi, na mchezaji mmoja tusiyemfahamu, aliyejiita Jirani, alikuja kila alasiri kunisaidia kuezeka yangu. Siku moja, mvua ikipiga mabati, aliniandikia: "Kale kadonda ka goti kalipona?"

Kaka aliusukuma mkono wangu kutoka kwenye kipanya.

"Huyu mutu anakujua wapi?"

"Mi simujui."

"Bon, goti yako ameijuaje?"

Nililishika goti. Kovu lilikuwa laini kama ganda la haragwe lililochemshwa. Niliangukia mawe meusi ya volkano nikiwa mdogo, kabla baba hajavuka mpaka pale Grande Barrière kwenda Goma, asirudi tena. Waliojua ni watu wa nyumbani tu.

Tukamwita mama. Alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge, akayasoma maneno yale polepole, mara mbili.

"Futa iyo kitu," alimwambia kaka. "Sasa hivi."

Alisimama nyuma yetu mpaka programu ikafutika yote. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye. Mama, aliyezoea kumuuliza kila mgeni jina lake na kwao, hakuuliza Jirani ni nani.