Kiwiko cha Kiongozi wa Kwaya

Niliajiriwa na kampuni moja ya Kacyiru kwa sababu nina shahada ya lugha. Nilidhani nitatafsiri. Wakubwa wakaona shahada ya lugha inafaa zaidi kutazama hoki ya barafuni, mchezo ambao wanaume wazito wenye magongo wanatelezeana kwa kasi ya pikipiki na kugongana kwa makusudi. Barafu kubwa niliyowahi kuiona kwa macho yangu ni ile inayoganda kwenye friji yangu umeme ukisumbua. Haikuwa kizuizi. Kule ughaibuni mteja alikuwa anafundisha kompyuta kutambua migongano ya hatari, na kompyuta, kama watoto, ilihitaji yaya.

Kila asubuhi nilifungua vipande vya video, nikavisimamisha picha kwa picha na kujibu maswali. Kilichogongwa kwanza ni kichwa au bega? Mgongaji alimwona mwenzake? Angeweza kumkwepa? Kisha zilikuja hukumu za wenye ligi, ili tulinganishe. Hapo ndipo nilipopata elimu. Mtu anamzima mwenzake kama taa, anafungiwa mechi tatu, na maelezo yanasema hakuwa na nia mbaya. Nia mbaya ni bidhaa adimu sana kwenye barafu. Nilitazama vipande hadi macho yakauma, sikukutana nayo hata mara moja.

Siku moja nilimlalamikia msimamizi wangu, Mkenya mpole anayekunywa chai tangu asubuhi hadi jioni.

"Huyu alimfuata kichwa, kaka. Tazama kiwiko."

"Dada yangu," akasema, "sisi hatuhukumu. Sisi tunabonyeza."

Basi nikabonyeza.

Mdogo wangu ana duka la rangi mtaa wa Niboye. Tulikulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, tukarudi nyumbani tukiwa watu wazima, na yeye alirudi na miguu ya mpira. Jumamosi alichezea timu ya wafanyabiashara katika ligi ya maveterani, yaani wanaume wenye vitambi wanaoamini bado kuna mtu anakuja kuwasajili. Jumamosi moja walicheza na timu ya kanisa. Beki wa kanisa alikuwa kiongozi wa kwaya, mtu mkubwa, mcheshi, baba wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa mdogo wangu. Mimi nilikuwa pembeni na wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ambaye alikuwa akirekodi kwa simu.

Ikapigwa kona. Wakaruka wote wawili. Kiwiko cha kiongozi wa kwaya kikatua juu ya sikio la mdogo wangu, naye akaanguka kama gunia lililokatwa kamba. Refa, mwalimu wa shule ya msingi, akatoa faulo na kusema, "Haya, cheza." Wachezaji wenzake wakammwagia mdogo wangu maji kichwani, maana uwanjani maji ya kichwani yanatibu kila kitu, hata goti. Jijini mwetu huruhusiwi kupanda moto, yaani pikipiki ya abiria, mpaka uvae helmeti. Ukishuka na kuingia uwanjani, kichwa kinakuwa mali ya umma.

Wakati wa mapumziko mdogo wangu alinijia akitabasamu.

"Dada, mama umemwacha na nani nyumbani?"

Mama yetu tulimzika miaka mitatu kabla. Yeye mwenyewe ndiye aliyebeba msalaba.

Nilimshika mkono nikamwambia kapteni wao kwamba huyu hachezi tena. Kapteni alimtazama juu hadi chini kama anayenunua ng'ombe. "Iko sawa, dada. Si anasimama?" Na kweli alikuwa anasimama. Mdogo wangu akanipokonya mkono wake, akarudi uwanjani, akapiga pasi tatu nzuri sana. Mbili kati yake alizipiga kwa timu ya kanisa.

Niliandika barua kwa kamati ya nidhamu. Sikujua kama kamati hiyo ipo. Nayo, nadhani, haikujua. Ilikutana kwenye baa moja Niboye, mbele ya sahani ya mishikaki. Walikuwepo mwenyekiti, ambaye ni mstaafu mwenye sauti ya redio, yule mwalimu refa, mtuhumiwa, na mdogo wangu, aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nikaweka simu ya wifi mezani, nikasimamisha picha kama ninavyofanya kazini.

"Mpira uko huku juu," nikasema. "Macho yake yako huku, kwa mtu. Kiwiko kimeinuka kabla hajaruka."

"Nilikuwa naangalia mpira," akasema kiongozi wa kwaya.

"Macho haya hapa."

"Yalikuwa yanapita tu."

Mwenyekiti akafuta midomo. "Dada, kule kwenu kwa barafu iko mambo ingine. Huku iko mpira. Tumsikilize aliyeumia."

Mdogo wangu akasema ilikuwa bahati mbaya.

"Unakumbuka ilivyokuwa?" nikamuuliza.

"Sikumbuki."

"Sasa umejuaje ni bahati mbaya?"

"Namjua yeye."

Kamati ilifurahi mno. Shahidi asiyekumbuka chochote ndiye shahidi bora, hana anachoweza kujichanganya nacho. Mtuhumiwa akafungiwa mechi moja, Jumamosi inayofuata. Jumamosi hiyo ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, na ligi ilikuwa mapumzikoni. Aliitumikia adhabu yake akifyeka majani kando ya barabara pamoja na taifa zima.

Wiki ya pili yake mdogo wangu alipiga mpira wa kichwa mazoezini, mwepesi tu, akatapika. Kesho yake mwanga ulimuuma, sauti zikamuuma, akashindwa kumtajia mteja rangi ya bluu huku ameshika kopo lake. Daktari alisema ubongo umetikiswa mara ya pili kabla haujapona mtikiso wa kwanza. Apumzike, bila simu, bila televisheni, bila mpira kwa muda usiojulikana. Wifi akamleta kwangu Kagugu, kwa sababu kwao kuna watoto watatu, na gereji imepakana na ukuta wa chumba.

Alikaa wiki sita nyuma ya mapazia. Nilikuwa narudi kutoka kutazama vichwa vya watu nisiowajua vikigongwa, nakuta kichwa ninachokijua kimefunikwa taulo. Kazini nilianza kukosea. Nilikuwa nasimamisha picha, kisha nabaki naitazama tu.

Kiongozi wa kwaya alikuja Jumapili moja na mananasi mawili. Alikaa naye gizani nusu saa. Nilipomsindikiza, akasimama getini akachezea kitasa.

"Dada, nilimwona."

"Ulimwona nani?"

"Siku ile. Alikuwa amenipita mara mbili, watu wakacheka. Nikasema ngoja nimguse."

Nilitafuta maneno makali. Ninayo mengi, nina shahada. Nikapata moja tu: "Mbona hukusema mbele ya kamati?"

"Waliniuliza kama nilikusudia kumuumiza. Sikukusudia kumuumiza. Nilikusudia kumuumi... kumgusa tu."

Ulimi ulimteleza, na mtu mzima yule akaanza kulia, akifuta machozi kwa kiwiko kilekile. Nilitaka kumchukia vizuri, hakunipa nafasi.

"Usiniambie mimi," nikasema. "Rudi ndani ukamwambie yeye."

Alirudi. Kupitia mlangoni nilisikia sauti yake nzito ikisema maneno machache. Halafu mdogo wangu, polepole, kama mtu anayehesabu ngazi: "Nilikutetea. Mbele ya dada yangu. Toka kwanza, sha. Uje kesho."

Akaja kesho. Akaja na keshokutwa. Akawa anakaa kwenye mkeka, bila kuimba, jambo ambalo kwake ni mfungo. Viatu vya mpira alivigawa. Hiyo ndiyo adhabu ndefu kuliko zote katika historia ya ligi yetu, na kamati haikuhusika nayo. Mwenyekiti alinilalamikia tu kwamba timu ya kanisa imepungukiwa beki.

Nilimwomba mwenyekiti sheria moja: aliyegongwa kichwa atoke, asirudi siku hiyo. Ikapita bila ubishi, kwa kuwa haimfungii mtu yeyote muhimu. Msimamizi wangu naye nilimwambia fomu yetu inakosa jibu moja, "alikusudia kumgusa." Aliacha chai yake, akaliandika, akalituma kwa mteja. Tulijibiwa kwamba maoni yetu yanathaminiwa sana.

Mdogo wangu amerudi dukani. Bado kuna majina ya rangi yanayomkimbia, na mpira hachezi. Daktari amemruhusu kutembea, basi jioni hupanda mlima na yule rafiki yake wa kwaya, taratibu, mmoja mbele ya mwingine. Nilimuuliza kwa nini kila mara anamtanguliza.

"Nampenda," akasema. "Ila atembee ninapomwona."