Godoro la Dauda

Dauda, fundi cherehani wa mtaa wa Nengo, alipumua vizuri kila mahali isipokuwa kwa mkewe. Dukani alipumua. Msikitini alipumua, hata kwenye sijda ndefu. Akivuka barrière ndogo, kizuizi cha mpaka wa Kongo, kwenda Goma kununua uzi, alirudi akiimba. Lakini akishalala nyumbani kifua kilianza kulia kama bawaba yenye kutu, na asubuhi aliamka macho mekundu, pua ikitiririka.

Mwaka wa 1954 Gisenyi ulikuwa mji mdogo, na kifua cha mtu kilikuwa mali ya wote. Dada yake Dauda, mjane mwenye muda mwingi na huruma kidogo, ndiye aliyetoa hukumu.

"Kifua ya mutu haiseme uongo," alimwambia nduguye mbele ya Saidati, mke mwenyewe. "Goma unapumua, hapa unakufa. Donc, nani anakuziba? Iko mujane moja kule Goma, mupole, nyumba yake iko na hewa."

"Wifi, hewa ya bure iko hata ku ziwa," alijibu Saidati. "Mupeleke akaoe samaki."

Kwa nje alicheka. Kwa ndani hofu ilikuwa imeshamkalia. Hakujaliwa mtoto; alikuwa na Dauda tu. Mwanamke anayesemwa kumziba mumewe pumzi atajitetea kwa nani?

Silaha yake ilikuwa ufagio. Kadiri Dauda alivyokohoa ndivyo alivyofagia, alfajiri, kwa ufagio mkavu, mume angali kitandani, mpaka vumbi likasimama chumbani kama mgeni asiyejua kuaga. Kisha alilipiga godoro kwa fimbo, humo humo ndani, mlango umefungwa. Dauda alikataza lisionekane nje, na hakusema kwa nini. Halikuwa godoro la sufi wala la majani. Alilijaza mwenyewe, mwaka hadi mwaka, kwa vipande vya vitambaa na nyuzinyuzi zilizofagiwa chini ya cherehani. Suruali za makarani, kanzu za Idi, magauni ya harusi: mume na mke walilala juu ya mji mzima.

Siku wifi alipomtaja yule mjane kwa jina, Saidati alifunga nguo zake.

"Bon. Naenda kwa mama, Rubavu. We lala peke yako. Kama ni mi nakuziba, utapumua."

Dauda akalala peke yake, akabanwa vibaya kuliko jana. Mtu mwingine angeelewa. Wifi, aliyekuwa amekuja kumpikia, alielewa kivyake: Saidati ameacha hirizi godoroni. Asubuhi akaliburuta hadi uani, akalipasua kwa kisu cha jikoni, akamwaga vyote vilivyomo mbele ya majirani.

Hirizi haikuwamo. Lilitoka wingu. Kuku walikimbia, wifi alipiga chafya mpaka kilemba kikaanguka, na Dauda akapiga magoti, si kwa ibada. Vumbi lilipotulia kidogo, Mukankusi, muuza samaki wa mtaani, aliinama akaokota kipande chekundu chenye maua.

"Yewe! Hii si kikwembe yangu ya ubatizo? Fundi, si ulisema kitambaa haikutosha?"

"Ilirudi... mu maji, mama," alikohoa Dauda.

"Ilirudi mu godoro yako!"

Wengine nao wakainama kutafuta vyao. Ilikuwa bahati ya Dauda kwamba siku hiyo hakuweza kusema.

Mukankusi ndiye aliyefikisha habari Rubavu, pamoja na samaki.

"Godoro tulichoma. Sasa bwana yako analala ku mukeka, anapumua kama ndama."

Alidhani ameleta furaha. Saidati aliacha kumenya ndizi. Godoro limeondoka, naye ameondoka. Nani sasa angejua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichokuwa kikimwua Dauda?

"Wifi anasema nini?"

"Anasema ni juu we ulitoka. Ameshatuma mutu Goma."

Saidati alirudi siku hiyo hiyo, na njia nzima hakuwa na uhakika. Pengine wifi alisema kweli. Pengine wako wanawake ambao hewa yenyewe huwakataa.

Alimkuta Dauda dukani, akamwambia asionekane nyumbani kabla ya magharibi. Mukankusi alikuwa amemsimulia lile wingu, na Saidati alilijua: lilikuwa ndugu wa lile alilokuwa akiliamsha mwenyewe kila alfajiri. Safari hii alinyunyiza maji kabla ya kufagia. Alifunga kitambaa kibichi kwenye ufito mrefu akafuta masizi na utando wa buibui. Shuka alizichemsha kwenye sufuria ya pilau. Kuku waliokuwa wakilala chini ya kitanda walipewa talaka. Mablanketi aliyaanika juani juu ya mawe meusi ya volkano, akayakung'uta pale upepo ulipoelekea kwa wifi.

Dauda aliporudi, alizuiwa mlangoni.

"Vua."

"Hapa? Watu wanaona!"

"Watu walishaona yako yote. Vua nguo ya duka, iko na vumbi ya vitambaa."

Akavua, akaingia na kikoi, akilaani. Usiku ule ni wa wenyewe, tuwaachie.

Asubuhi wifi alifika mapema, na Mukankusi na karai lake, na majirani ambao ghafla walikuwa na kazi karibu na mlango ule. Ndani, Saidati alishika ufagio kwa mazoea, akauweka chini. Dauda akatoka. Wifi akamsogelea, akamkodolea macho kifuani.

"Kaka, pumua tusikie."

Dauda akamtazama, kisha akaanza. Alimuuliza nani alimpa ruhusa ya kupasua godoro la watu, nani alimwambia atume mtu Goma, lini atarudi kwake, na kwa nini chai yake ina ladha ya maji ya kunawia. Akafika hadi kwa marehemu shemeji yake, ambaye, alisema, alikufa ili apumzike. Yote kwa pumzi moja, bila kukohoa, sauti ikisikika hadi ziwani.

"Alhamdulilahi," alisema Mukankusi, ambaye alikuwa Mkatoliki.

Ndani, Saidati aliketi kwenye sakafu iliyokuwa bado na unyevu, akasikiliza kila tusi, akiomba lisiwe la mwisho.