Mama Mkwe Chini ya Mteremko

Katika klabu yetu ya baiskeli za mlimani kuna mtu mmoja ambaye hajawahi kumpita mwenzake hata siku moja, na huyo ndiye tunayempenda kuliko wote. Kazi yake ni fundi makochi. Tunamwita Sponji, na jina hilo alijitafutia mwenyewe.

Jumamosi aliyokuja mara ya kwanza, pale kituo cha mafuta tunapokutania, baiskeli yake ilikuwa na siti ambayo hatujapata kuiona. Ile ya kiwandani alikuwa ameitoa, akatengeneza yake: springi za kochi chini, sponji nene juu yake, kisha ngozi bandia ya rangi ya damu ya mzee, imebanwa kwa vifungo vya mviringo kama mgongo wa kochi la sebuleni. Ilikosa kitambaa cha kufuma tu.

"Hicho ni kiti au ni sebule?" aliuliza Kepteni.

Kepteni wetu ni dada mmoja mrefu, mwalimu wa shule ya udereva, na hata akiwa juu ya baiskeli hajui kuongea vingine: "Punguza mwendo! Tazama mbele! Nani kakuambia ukamate breki?"

Sponji alimjibu kwa upole, "Dada yangu, mimi kazi yangu ni kukalisha watu vizuri. Nimeona nianze na mimi mwenyewe."

Alikuja kwetu kwa amri ya daktari. Presha ilikuwa imepanda, na tumbo lilikuwa likifika mahali kabla yake, kama mgeni rasmi. Daktari alimwambia achague mazoezi; mkewe, kwa kuhofia kwamba angechagua karata, akamchagulia yeye.

Huko mlimani alikuwa wa mwisho daima. Kwenye mpando aliisukuma baiskeli. Kwenye mteremko alishuka akaiongoza kwa mkono, taratibu, kama anayemsindikiza mgonjwa. Lakini hakuna aliyemchoka. Mgongoni alibeba viraka vya pancha, pampu, sindano ndefu na uzi wake wa makochi, na wengi wetu tumeshashonewa soli ya kiatu porini. Tukifika kileleni, kwenye mnara wa simu, tulimsubiri, maana bila yeye soga halikolei. Alifika anahema, akakaa juu ya jiwe, akaanza habari za wateja wake: kochi moja aliwahi kulifungua akakuta ndani rimoti tatu na meno ya bandia ya babu wa nyumba ile, meno ambayo ukoo mzima ulishamsingizia mbwa.

Shida ya Sponji ilikuwa nyumbani kwake. Mtu anayerudi na vumbi mpaka kwenye nyusi lazima aulizwe alikotoka, na Sponji akiulizwa hujibu. Tuna mteremko mmoja tunauita Tubu Kwanza. Ni mkali, una mawe na mizizi, na kuna mhasibu mwenzetu aliyevunjikia mkono pale. Sponji alianza kwa kusema kwamba ameushuka nusu. Wiki iliyofuata akawa ameushuka wote. Mwezi haukuisha, akawa anaushuka kwa mkono mmoja huku akimwelekeza Kepteni kwa mkono wa pili.

Mkewe, ambaye ni msusi, alimsikiliza akacheka. Alimjua mumewe, alikuwa akipunguza chumvi kabla ya kumeza. Tatizo ni kwamba siku hizo mama yake mzazi alikuwa amehamia kwao, na mama yule hakuwa na mazoea ya kupunguza. Alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mkakamavu, mwenye sauti ya wodini. Akiambiwa jambo alilichukua lote kama lilivyo, akalipeleka mtaani.

"Mkwe wangu," alikuwa akiwaambia wanawake wanaosubiri kusukwa, "mlima wenu huu anaushuka kwa mkono mmoja."

Sponji alisikia hayo kupitia pazia, akatabasamu, akajinyamazia. Hapo ndipo mdomo ulipokiponza kichwa.

Ni vyema kufahamu jinsi alivyokuwa akimheshimu mama huyo. Mbele yake hakukaa bila shati, hakucheka kwa sauti, na kaptula yake ya kubana ya baiskeli aliivalia suruali ya kitambaa juu, akaivua suruali hiyo kituo cha mafuta, nyuma ya mashine ya upepo. Hata jina la kaptula hakulitaja nyumbani. Aliita "ile nguo."

Basi, Ijumaa moja wakiwa mezani, mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Baba, kesho nakuja."

"Wapi, mama?"

"Huko mlimani. Kepteni wenu alikuja kusukwa leo, tumezungumza vizuri sana. Anasema pikipiki inafika mpaka chini ya huo mteremko. Nimesimulia habari zako mno, mwanangu. Sasa nataka nikuone."

Mkewe aliinamia sahani, mabega yakimtikisika.

"Mama, kuna vumbi kule."

"Vumbi nalijua."

"Na jua lake ni kali."

"Nina mwavuli."

"Huenda kesho tusiteremke upande ule..."

"Mtateremka. Kepteni kasema."

Asubuhi tulimkuta Sponji kituoni kabla yetu, kimya, amekaa juu ya sebule yake. Tulipofika mnarani ndipo akatutolea siri.

"Jamani, mama mkwe yuko chini."

"Si ushuke kwa miguu kama siku zote?" nilimwambia.

"Nilimwambia nashuka kwa mkono mmoja."

Tulitazama viatu vyetu, kwa adabu. Kisha mhasibu akaanza kucheka, na alipoanza yeye hakuna aliyeweza kujizuia; kuna waliolala kwenye nyasi. Kepteni peke yake ndiye aliyejikaza.

"Haya basi. Wanasema aliye juu mngoje chini, na wewe unangojwa. Nisikilize. Makalio nyuma ya siti. Vidole viwili kwenye breki. Usitazame jiwe, tazama njia, maana unakotazama ndiko unakokwenda. Na moyo ukikataa, shuka utembee. Mkwe wako atacheka, hatakula mtu."

Sponji alichungulia bondeni. Chini kabisa aliuona mwavuli, mdogo kama kifungo. Akafunga mkanda wa kofia.

"Maji nimeshayavulia nguo," alisema, "sina budi kuyaoga."

Masikini, hakujua alilokuwa akilisema.

Mwanzo alikwenda vizuri kuliko tulivyotegemea. Kona ya kwanza aliipata. Ya pili aliipata pia, huku akipiga ukelele wa "Mamaaa!" ambao hatukuweza kujua anamwita wa kwake au wa mkewe. Kisha ukaja mzizi mkubwa wenye shimo nyuma yake. Hapo mtu hurudisha makalio nyuma ya siti, kama alivyofundishwa. Sponji alirudisha, yakakwama, kwa sababu ile siti ilikuwa pana kama mto wa kulalia. Gurudumu la mbele likaingia shimoni, uzito wote ukaangukia kwenye springi, na springi za kochi, kama ijulikanavyo, hazipokei kitu bila kukirudisha. Zilimrusha juu. Alipita hewani amekunja miguu kama mtu aliyekaa kochini, akatua kwenye kichaka cha miba, kichwa ndani, miguu nje.

Baiskeli haikuanguka. Iliendelea na safari yake, ikapita mawe yote kwa utulivu, ikafika chini, ikalala miguuni pa mama mkwe.

Mama aliitazama. Akatazama juu. Akamwambia mwenye pikipiki, "Alisema mkono mmoja. Hii haina hata huo."

Kisha akafunga mwavuli, akachukua mkoba wake, akaanza kupanda.

Sisi tulikuwa tukikimbia kushuka, tukamfikia Sponji wakati mmoja na mama mkwe. Kaptula ilikuwa imepasuka nyuma kutoka kiunoni mpaka inapoishia, na miba ilikuwa imesimama humo kama pini kwenye mto wa mshonaji.

"Mama!" alipiga kelele kichakani. "Mama, nakuomba usije huku!"

"Umevunjika?"

"Sijui. Lakini usije!"

"Chezesha vidole vya miguu."

Vidole vikacheza ndani ya viatu.

"Huna neno. Mtoeni, mlazeni kifudifudi."

"Mama, mimi nakuheshimu!"

"Niheshimu ukiwa umelala. Mficha uchi hazai."

Alipiga magoti, akafungua mkoba, akatoa kibano, pamba na dawa ya vidonda. Inaonekana mkunga hustaafu, mkoba wake haustaafu. Kepteni alipewa mwavuli aufungue, si kwa ajili ya jua bali uwe pazia baina ya mgonjwa na wanaume wa klabu. Tulisimama upande wa pili, tunatazama milima, tunang'ata midomo. Kilichokuwa kikisemwa tulikisikia chote.

"Hema. Usikaze. Ukikaza, mwiba unazama. Hema tena. Vizuri, baba. Haya, sukuma!"

Kepteni alikohoa.

"Samahani," mama alisema. "Mazoea."

Mhasibu alilazimika kuondoka kabisa, akaenda kusimama nyuma ya mti.

Sponji alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake ngumu. Sauti ilitokea humo ndani, ndogo.

"Mama, nikwambie ukweli. Mteremko huu sijawahi kuushuka."

Kibano kikasimama.

"Hata nusu?"

"Hata nusu."

Mwiba uliofuata ulitoka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, tulijua kwa ukelele wa Sponji.

"Nimewatangazia wanawake wa mtaa mzima," mama alisema.

"Nisamehe, mama."

Mwiba mwingine. Mama alifikiri. Tulimsikia akifikiri.

"Leo umeanzia wapi?"

"Kule juu, mnarani."

"Na hapa ni wapi?"

"Karibu na chini."

"Basi umeshuka, kasoro kidogo. Nitawaambia hivyo hivyo, kasoro kidogo. Siwezi kuitwa mwongo uzeeni kwa ajili yako."

Sponji alirudi mjini kwa pikipiki, amesimama kwenye vikanyagio, amefungwa kiunoni kanga ya mama mkwe. Wiki hiyo yote alikuwa kiroja. Karakana yake imejaa makochi, wateja wanamsihi akae wapatane vizuri, na yeye anajibu, "Hapana, asante, leo nasimama." Alishona sofa nzima ya viti vitatu akiwa amepiga magoti, kama anayeiomba radhi.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Na iliyofuata. Kule mnarani tulikaa tukatazamana. Mhasibu alijaribu kusimulia jambo la ofisini kwake, tukaomba tuondoke. Jumatatu Kepteni akatuchukua watatu tukaenda karakana. Tulimkuta Sponji amesimama, mikono nyuma, na mama mkwe amekaa kwenye kochi ambalo halijavishwa kitambaa. Kumbe alikuwa ametutangulia.

"Nimemwambia nataka kujifunza baiskeli," alitueleza. "Anasema hawezi kurudi kwenu, anaona haya. Sasa nauliza: mimi mwanamke wa umri huu nitakwenda porini peke yangu na watu nisiowajua?"

"Haiwezekani, mama," alisema Kepteni, uso mkavu. "Lazima mtu wa familia akusindikize."

Sponji alitutazama mmoja mmoja. Alijua ameshikwa.

Springi alizing'oa siku hiyo hiyo. Sponji ya siti aliiacha, akasema mambo mengine ni ya mtu na dini yake. Mama tulimtafutia baiskeli fupi, akaanza kujifunza kwenye uwanja wa mpira. Kumfundisha kulikuwa kazi, maana anayefundisha hukimbia kando ameshika siti, na mkwe mwenye adabu atashikaje siti aliyokalia mama mkwe wake? Sponji alishika kwa vidole viwili, uso ameuelekeza mbinguni, akakimbia hivyo mpaka alipokutana na nguzo ya goli. Mama aliendelea bila kujua kwamba ameachwa. Alipogeuka na kumwona amekaa chini anashika paji la uso, alikuwa tayari anaendesha.

Njia ya kuzunguka chini ya mlima haina miteremko ya kutisha, na mama aliipenda. Wiki ya tatu alikuja na jirani mmoja. Baadaye wakaja wengine wawili kutoka kwa msusi, waliochoka kusikia habari za mlima bila kuuona. Sasa klabu ina kundi la nyuma, na kundi la nyuma lina mkubwa wake, naye ni Sponji. Anawafungia minyororo, anawazibia pancha, anawahimiza kwenye vilima vidogo kwa sauti aliyoiiba kwa Kepteni. Presha imeshuka, daktari amefurahi. Tumbo bado linamtangulia, ila si kwa mbali kama zamani. Na siku moja ya wiki, bila watu, aliupanda mlima na Kepteni, akashuka Tubu Kwanza mpaka mwisho, polepole, breki zikilia kama mbuzi. Hakumwambia mtu. Ni Kepteni aliyetuambia.

Jumamosi iliyopita mvua ilitukamata njiani. Kundi la mbele tulikimbilia nyumbani. La nyuma lilichelewa, maana mama alipata pancha, na Sponji akaiziba kwenye matope huku mama akishika pampu na kumwelekeza kila hatua, mambo ambayo mwenyewe alijifunza kwake. Walifika nyumbani kwao wamekuwa udongo mtupu, wote wawili. Msusi alisimama mlangoni na mpini wa kupigia deki mkononi, akawaonyesha bomba la uani.

"Huingii hivyo, baba watoto. Na wewe mama, hivyo hivyo."

"Mimi ni mama yako," alisema mama.

"Ndiyo, mama. Bomba liko pale."

Sponji alikinga ndoo mpaka ikajaa, akampelekea mama mkwe kwa mikono miwili. Kisha akamgeuzia mgongo, akatazama ukuta wa jirani, akasubiri zamu yake huku mvua ikimwogesha bure.