Vigelegele vya Mama Wandegeya

Banange, leo mama yangu amemshinda mwanangu mchezo mbele ya wateja wake!

Mwanangu Hakim ana duka la michezo ya video hapa Wandegeya, Kampala. Leo ameunganisha mashine yetu ya kwanza ya michezo kwenye televisheni kuukuu, wanafunzi waione. Marehemu baba aliinunua Nairobi miaka ya sabini. Siku hizi hazitengenezwi tena.

Nukta mbili nyeupe ndio wachezaji, ya tatu ndiyo mpira. Uwanja wenyewe ni karatasi ya plastiki unayoibandika kwenye kioo.

Wanafunzi wakacheka. "Haina hata sauti!"

Mama akakaza ushungi wake.

"Hakim, njoo ucheze na bibi, jaja yako."

Jamani, mngeona! Hakim jasho linamtoka, mama hata hapepesi macho.

Mpira wa mwisho ukampita Hakim. Mama akanyanyua mkono juu, mdomo kaufumba kabisa.

Hapo nikakumbuka. Enzi za utawala wa wanajeshi, hivyo ndivyo tulivyoshangilia nyumbani Kawempe. Gari lao lingepita wakasikia kelele, wangeichukua televisheni, na baba pia.

"Sauti ya nini?" mama akawauliza wanafunzi. "Askari waisikie?"



Nikamwambia, "Mama, piga sasa. Hakuna anayekuja."

Akapiga vigelegele mpaka muuza chapati wa ng'ambo ya barabara akaja mbio kuuliza nani anaolewa.

Mpeni mama hongera zake hapa chini. Zimechelewa sana.