Siku Niliyomfanya Mama Mkimbizi

Mimi Hezron nilimgeuza mama yangu mzazi kuwa mkimbizi. Cheka kwanza, halafu usome.

Nina gesti hapa Tunduma. Kipindi hicho serikali ilikuwa inawalipia malazi watu waliokimbia vita Kongo, wakati maombi yao ya hifadhi yanasikilizwa. Malipo ni kwa kichwa. Kwangu walikuwepo sita, mimi nikaandika kumi na mmoja.

Siku moja napigiwa simu: kesho ofisa anakuja kuhakiki.

Nikakimbilia kijijini kwetu Hasamba, Mbozi, kumchukua mama, shangazi na binamu zangu watatu.

"Mkiulizwa, jibuni kwa Kinyiha chetu tu," nikawaambia. "Huyo bwana katoka Dodoma, hatajua."

"Kwani kuna nini, Hezroni?" mama akauliza.

"Mambo ya ofisi, mama. Nisaidie tu."

Mama wa watu akakubali.

Asubuhi ofisa akapita kitanda kwa kitanda. Shangazi akamwaga Kinyiha, jamaa anaandika tu. Nikaona mambo ni bambam.

Mara akaja mwanamke mlangoni, mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Papa, tunaomba pa kulala. Wamesema hapa munapokea watu wa Kongo."

"Pamejaa," nikajibu upesi, maana ofisa yuko pembeni yangu.

Yule mwanamke akageuka aondoke.

Mama akainuka kitandani. Kwetu Mbozi mgeni harudishwi mlangoni, hata kama ugali ni wa mtu mmoja. Akasema kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Rudi, mwanangu, ulale hapa. Mimi nina kwangu Hasamba. Huyu Hezroni ni mtoto wangu, sijui leo kapatwa na nini."

Ofisa akaacha kuandika.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Gesti ikafutwa kwenye orodha na hela nikarudisha, lakini hayo yalipita. Kilichonimaliza ni kwamba mama hakujua kama ameniumbua. Alikuwa anatandika shuka, huku anamwomba yule mwanamke msamaha kwa niaba yangu.

Mpaka leo kanisani anawaambia wenzake kwamba mwanawe aliwahi kupokea wakimbizi. Mimi natazama chini.

Ndugu zangu, kuiibia serikali tunakuita ujanja kwa sababu hatumwoni tunayemwibia. Mimi nilimwona. Aliniomba kwa adabu kitanda kilicholipiwa kwa ajili yake, nikamwambia pamejaa.