Kiapo cha Elimringi

Anande hakuipenda ile bima ya maisha. Kwake yeye, mumewe Elieza alikuwa anakilipia kifo kila mwezi kama mtu anayelipia kabati la mkopo. Elieza alicheka tu, akamwandikisha yeye peke yake kuwa mrithi. "Nikitangulia, mke wangu, watoto wasome."

Akatangulia kweli. Walimkuta shambani, upande wa Meru, chupa ya soda ubavuni, na ndani yake dawa ya wadudu. Kuweka dawa kwenye chupa za soda ilikuwa tabia yake, Anande alimgombeza mpaka akachoka. Lakini msimu ule nyanya zilikuwa zimeoza zote, na Elieza alikuwa mkimya mno. Alikosea chupa au alikusudia? Mungu ndiye ajuaye.

Wazee wa usharika wakasita kumzika, maana kanisa halimziki aliyejiua. Ndipo kaka yake mkubwa, Elimringi, akasimama mbele ya mchungaji akaapa: jua lilikuwa kali, mdogo wangu alikuwa na kiu, akakosea chupa. Kengele ikalia, Elieza akazikwa. Siku hiyo Anande alimpenda shemeji yake kuliko ndugu wa tumbo moja.

Baadaye kampuni ya bima ikagoma kulipa. Ndugu wa marehemu, walisema, amethibitisha kuwa alijiua. Anande akaenda moja kwa moja kwa Elimringi.

"Shikamoo, shemeji. Ni wewe?"

"Kanisani nilisema vile ili azikwe," akajibu bila haya. "Sikusema ili ule wewe. Sisi ndugu zake tumeandikwa wapi?"

Jamani, kuna watu wana roho! Anande alitoka pale bila kuaga.

Jumapili akasubiri mnada wa sadaka nje ya kanisa. Elimringi ndiye aliyekuwa akinadi. Alipoinua jogoo, Anande akapaza sauti.

"Shemeji, mume wangu alikosea chupa au alijiua? Uliapa hapahapa. Sema tena, wote wasikie."

 Elimringi akamtazama mchungaji, kisha jogoo.

"Jogoo huyu, nani anaanza?"

Anande akawageukia waumini. Hawa walikula msibani kwake, wakalia naye. Angalau mmoja atasema neno.

"Elfu kumi na tano!" sauti ikatoka nyuma.

Alikuwa Sinyati, mwanamke jirani yake, aliyelala naye mkekani msiba mzima.