Bango la Kunguni Lenye Mhuri wa Kaunsili

Nimekosa, na kosa ni langu peke yangu. Msiilaumu kaunsili wala msimlaumu mchoraji wa bango. Yeye alichora nilichomwandikia!

Miaka ya tisini nilikuwa nikipiga dawa ya kunguni majumbani kule Kayole. Wateja wangu wote niliwapata kupitia mama mmoja jirani, ambaye jina lake silitaji. Nilipomaliza kunguni wake, akawa ananong'oneza wenzake kwenye foleni ya maji: kuna kijana hana maneno mengi, huja na pampu ndani ya kiondo kama mgeni aliyeleta viazi. Maana pale mtaani kunguni walikuwa kila nyumba, na hakuna aliyekubali kuwa nao!

Nami kichwa kikavimba. Nikaenda semina ya siku moja ya biashara ndogo katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu, tai shingoni, akatuambia tufuate sheria, tulipie kibali, na tusisahau kwamba mteja aliyeridhika ndiye tangazo bora. Nililiandika hilo nikalipigia mstari mara mbili.

Wenzangu walibandika karatasi kwenye nguzo za stima huku wakikimbizwa na askari. Mimi nilipanga foleni kwenye ofisi za kaunsili, nikalipa, nikapigiwa mhuri. Bango likasimama penye njia ya kuingilia mtaani, herufi nyekundu: DAWA YA KUNGUNI. WALIORIDHIKA NI HAWA. Chini yake majina kumi na mawili, ploti na nambari ya mlango. La kwanza lilikuwa la yule mama. Jamani, nilidhani nimempa heshima!

Lilisimikwa Ijumaa jioni. Jumamosi wakaja wageni kutoka Machakos kumposa binti yake. Nilikuwa nimeegemea bango langu, suruali imepigwa pasi, wakasimama kuniuliza njia ya kwenda kwa mama huyo.

"Si huyu hapa, wa kwanza!" nikawaonyesha kwa kidole. "Ploti na mlango, zote ziko."

Mjomba wa kijana aliyetaka kuoa, mzee wa miwani, alisoma bango lote kuanzia juu. Kisha akajikuna shingo. Nikawasindikiza mwenyewe hadi mlangoni, mjinga mimi!

Ndani makochi yalikuwa na vitambaa vipya, kuku na chapati vinanukia.

"Karibuni mkae," mama akasema.

"Asante mama, lakini tumekaa sana kwa gari," mjomba akajibu. "Wacha tusimame kidogo."

Wakasimama saa nzima! Soda walizinywa wima, wanawake wameshika pindo za nguo. Chakula hawakukigusa. Waliahidi kurudi, na hawakurudi.

Wageni walipoondoka mama akaenda kulisoma bango, kisha akaja kwangu. Nikamtolea kibali.

"Kwani nimekuuliza kibali?" akasema. "Wewe nyumba yako iko na kunguni. Niliona moja ikitembea kwa kola yako tangu Pasaka. Nimewahi kuambia nani?"

Ni kweli, nilikuwa nikirudi nao kwenye ovaroli. Alijua, na bado akawa ananitafutia kazi! Naona haya hadi leo.

Bango nililipaka rangi siku iyo hiyo, lakini mtaa mzima ulishasoma. Hakuna aliyeniita tena, na pampu nikaiuza. Lakini hilo si kitu. Binti alilia wiki nzima, na kuta za ploti zile ni nyembamba. Nilimsikia.

Nyinyi wenye biashara ndogo, jitangazeni, na kibali mlipie. Lakini kaunsili haiwezi kukupa ruhusa ya jina la mtu. Mwendee mlangoni umuulize, na akikataa, mshukuru uondoke.

Na wewe mama, kama gazeti hili litakufikia hata kwa kufungiwa nyama, nisamehe. Safari hii jina lako sijaliandika.